Mlima Unapoishia

Kijana mgeni alitokea ghafla juu ya shamba la Kunigunda, nyundo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unanunua mawe? Huku hakuna. Wenzako wote wamekwenda Tunduru."

"Sinunui, mama. Nimetumwa kuchora ramani, kuonyesha safu hii ya milima inaishia wapi."

Kunigunda alicheka. "Pita basi. Ila usivunje kitu shambani kwangu bila ruhusa yangu."

"Sivunji. Nakuahidi."

Kijana alishuka kati ya mashimo ya ngoro, yale ya kulimia mteremkoni, akasimama kwenye mwamba mmoja mpana. Upande mmoja ulikuwa mweusi wenye kumetameta, upande wa pili mchanga mwekundu uliogandamana. Mlima ulikoma hapo. Alihitaji kipande kimoja cha kuthibitisha. Bila hicho mpaka wake kwenye ramani ungebaki wa nukta, alama ya mpaka usiothibitishwa, na ofisini walikuwa wakipunguza watu, kuanzia na wenye kazi zisizokamilika.

"Mama, naomba kona hii."

Kunigunda, aliyekuwa amemfuata, alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye mfereji laini uliolika hapo konani.

"Mume wangu alikuwa ananolea mundu hapa. Yeye anakata majani, mimi nayafukia. Tangu afuate vito Tunduru, ngoro nalima peke yangu." Kidole kilirudi mwanzo wa mfereji. "Akirudi, ataanzia hapa. Hapana, mwanangu."

Kijana alilitazama ziwa lililoonekana kule chini ya mteremko, akairudisha nyundo begini. Kisha alikunjua ramani juu ya goti, na kuanzia penye mwamba hadi ziwani, akachora nukta.