Amin Zilizobaki

Mara ya nne fundi Mwanakombo aliirudisha kaseti nyuma. Ndani yake mama yake Shaibu, aliyezikwa mwezi uliopita, alianza kumpa mwanawe radhi kwa sauti ya mgonjwa: “Mwanangu, Mungu aku…” Kisha “Amin!” ya Shaibu mwenyewe, ambaye siku ile ya kurekodi alikuwa ameishika rekoda kifuani, ikammeza.

“Rekoda hii ikipata sauti kubwa hupunguza yenyewe nguvu ya kunasa,” fundi akasema. “Kabla haijapanda tena, mama ameshamaliza. Dua zake hazimo humu, kaka. Kwani alikuombea nini?”

Shaibu aliinama. “Sikusikiliza, dada. Nilikuwa naitikia tu.”

Akaomba irudishwe tena. Mama alipoanza, Shaibu alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.