Nyama ya Mzee Mnofu

Kipande cha tatu kilikuwa kimeshaingia mfukoni mwa koti, na mchuzi wake ulikuwa wa moto. Mchumba alikunja uso, kisha akajilazimisha kutabasamu kabla mwenye nyumba hajamtazama.

"Naona unakwenda vizuri," alisema Mzee Mnofu. "Mama, hebu mwongeze kijana."

Mama akamwongeza.

Mzee Mnofu hakuwa mtu wa kukataliwa chakula. Bucha yake ilikuwa pale pale mbele ya nyumba. Aliirithi kwa baba yake, ambaye naye aliirithi kwa babu, na juu ya mlango iliandikwa kwa rangi nyekundu: TUNAKULA TUNACHOUZA. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kununua kwake, maana mtu aliyenawiri vile kwa nyama yake mwenyewe hawezi kuwauzia wenzake mbovu.

Mchumba, kwa upande wake, alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo. Hakuwa ameonja nyama tangu alipomlea kwa chupa ndama yatima aliyekuwa akimfuata mpaka chooni. Baadaye akaacha na maziwa, akaacha na mayai, akawa mtu wa maharage, karanga, parachichi na mboga za majani. Kitambi kikamwondoka, usingizi ukamrudia. Wenzake kazini walimwita Bwana Majani na yeye hakujali. Alichokijali sasa ni huyu binti wa Mzee Mnofu, na alimpenda kiasi cha kukubali kuketi mbele ya sahani ile.

Binti alikuwa amempa masharti wakiwa njiani.

"Kula, sifu, nyamaza. Usiulize swali lolote kuhusu nyama. Yule wa kwanza kuja kunichumbia aliuliza hii ni sehemu gani ya ng'ombe, baba akamtoa nje. Mtu amekata nyama maisha yake yote, halafu wewe unakuja kumhoji?"

"Siwezi kumwambia ukweli tu?"

"Baba yangu? Umwambie huli nyama? Sema tu kwamba unataka nizeekee nyumbani."

Na sasa binti huyo huyo alikuwa anakula kwa raha zake, akichovya mkate kwenye mchuzi. "Ya hotelini mimi siiwezi," alisema huku akitafuna. "Ngumu, halafu ina harufu. Nimezoea hii ya mama, laini, wala haina hata mfupa mmoja."

"Mifupa ni ya wateja," alisema Mzee Mnofu, akakohoa.

Mchumba akamwona paka chini ya meza, akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Akadondosha kipande karibu kabisa na pua yake. Paka akakinusa, akamtazama mchumba kama mtu aliyetukanwa, akaenda zake kulala karibu na mlango wa nje. Paka wa muuza nyama naye ana maringo yake. Mchumba akakisukuma kile kipande kwa mguu hadi chini ya kabati, akahamia mfuko wa kushoto.

"Vua koti basi, mwanangu," Mama alisema. "Joto lote hili!"

"Nina mafua kidogo, Mama."

"Mafua, na jasho linakutiririka hivyo?"

Binti akamkanyaga mguu chini ya meza. Mama akacheka, akaondoka na binti yake kwenda jikoni kukata matunda na kuandaa chai ya rangi. Wakabaki wanaume wawili.

Hapo ndipo koti lilipomsaliti. Tone la mchuzi lilianguka sakafuni, likafuatwa na jingine. Mzee Mnofu akaweka kijiko chini. Akatazama sakafu, akatazama koti, akamtazama mwenye koti.

"Unambebea nani?"

Angeweza kusema anambebea mama yake mgonjwa, na uongo huo ulikuwa umeshafika kwenye ncha ya ulimi. Lakini akazifikiria Jumapili zote atakazoketi hapa akijaza mifuko, mpaka watoto wake waje kumwuliza baba anafanya nini, akajionea huruma.

"Mzee, nisamehe. Mimi sili nyama. Nashinda na wale wanyama kila siku, nawajua mmoja mmoja na ukorofi wake. Nikitia nyama mdomoni, namwona ndama wangu. Binti yako nampenda sana, na sitaki kumwoa kwa uongo. Ukinifukuza nitaondoka, ila naomba Mama ajue kuwa chakula chake sikukidharau."

Mzee Mnofu aliinuka taratibu, akaenda kwenye mlango wa jikoni, akasikiliza, akaufunga. Akafunga na dirisha la upande wa bucha, akavuta pazia. Mchumba aliupima kwa macho mlango wa nje, akakumbuka kwamba paka amelala katikati ya njia.

Mzee akarudi, akaketi karibu naye kabisa. Akatia mkono wake mnene ndani ya mfuko wa koti, akatoa kipande, akakipuliza vumbi, akakitia mdomoni.

"Uyoga ambao Mama ameanza kuuandaa tangu jana, wewe unautia mfukoni?" alinong'ona. "Kula, mwanangu. Ila punguza sauti, maana huyo binti tangu azaliwe hajapikiwa nyama humu ndani hata siku moja, na mpaka leo hajui."