Kishikio cha Hita

Fundi Shoto aliingiza kichwa chini ya dashibodi, miguu ikabaki nje ya mlango, na neno la kwanza kutoka mle lilikuwa tusi. Lilimlenga mdogo wake.

"Miaka kumi na minane," alisema. "Na uchafu wake bado umo humu humu."

Binti wa huyo mdogo wake alisimama kando ya gari, mkoba kaukumbatia kifuani. Siku yake ilianza vibaya tangu getini, alipohangaika na waya uliofunga geti la gereji. Kila alipouzungusha ulizidi kukaza, mpaka baba yake mkubwa alipokuja mwenyewe kuuzungusha upande wa pili.

"Mimi ni wa mkono wa kushoto, mwanangu," alimwambia huku akicheka. "Kwangu hapa kila kitu kinazunguka kivyake."

Hicho ndicho kicheko pekee alichopewa siku hiyo.

Gari lilikuwa la kizamani, rangi ya maziwa, taa za mviringo na usukani mwembamba, lile la kufanya watu wageuze shingo barabarani. Kishikio chake cha hita kilikwama kwenye joto siku ile ya balaa, miaka kumi na minane iliyopita, na hakikusogea tena.

Enzi hizo gereji ilikuwa ya ndugu wawili. Mwenye gari alikuwa na safari na anahimiza, nao wakalifanyia kazi kwa kupokezana, huyu akitoka huyu anaingia. Klipu ya kushikilia kebo ya hita ikakatika. Mmoja wao, badala ya kutafuta klipu nyingine, akafunga waya. Mwenye gari na mkewe wakiwa njiani, waya ule ukakinasa kishikio, koki ya maji ya moto ikagoma kufunga, paipu ikachomoka, na maji yakamuunguza yule mke miguu yote miwili.

Mwenye gari alikuja kufoka mbele ya wateja. Kaka mtu akamgeukia mdogo wake. "Ni wewe."

"Kaka, si mimi."

Basi, yakaishia hapo. Mdogo mtu alikunja nguo zake za kazi akaondoka, na jina baya likamtangulia kila gereji aliyobisha hodi. Aliishia kuosha magari ambayo zamani alikuwa akiyashusha injini.

Mwenye gari hakutaka tena fundi yeyote aliguse. Alirudishia paipu mwenyewe, akalifunika turubai uani kwake, akiliwasha mara moja moja tu, mpaka alipofariki. Sasa warithi walikuwa wanaliuza, na binti alipowaambia kuna fundi atakayetengeneza hita bure, walimkabidhi funguo bila maswali.

"Hii ni wiki ya sita baba yuko kitandani," alisema binti. "Hata uji haupiti. Anachotaka ni kusikia kwamba yameisha."

"Akikiri, nitakuja."

"Atakiri vipi asilolifanya, baba mkubwa? Ndiyo maana nimelileta gari. Wewe ndiye fundi. Fungua uone kwa macho yako."

"Nione nini? Tulikuwa wawili, na mimi si mtu wa kazi za kulipua. Kama si yeye, ni nani, paka?" Alinyoosha mkono nje. "Nipe bisibisi. Ile ndogo."

Binti akampa. Skrubu zilitoka moja moja, zikadondoka kwenye zulia la gari na vumbi la miaka yote hiyo. Kisha kipande cha dashibodi kikashuka. Fundi Shoto aliwasha tochi, akamulika ndani.

Binti aliuona mwanga wa tochi umeganda mahali pamoja.

"Umeona nini?"

"Nipe koleo."

Alisikia kitu kikikatwa, mara moja tu. Kishikio kikateleza kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi, laini kabisa. Fundi Shoto alitoka chini ya dashibodi kwa magoti, ngumi moja kaifumba, na kwa mara ya kwanza binti aliona jinsi alivyozeeka.

"Ni nini hicho mkononi?"

"Takataka." Aliitia ngumi mfukoni. "Ni yeye, mwanangu. Nilikwambia."

Binti alishika mlango wa gari. Alikuwa ameapa mbele ya mama yake, mbele ya mume wake, kwamba baba yake si mwongo. Sasa, mle gerejini, alijiuliza kama baba yake, mzee wa watu, amemdanganya tangu utotoni. Aliona aibu kwa kujiuliza, lakini swali halikuondoka.

"Basi njoo umwone hivyo hivyo," alisema kwa sauti ndogo. "Hana siku nyingi."

"Nina kazi."

"Baba mkubwa."

"Mwambie nimemsamehe." Alikuwa akiangalia sakafu. "Mwambie hivyo, inatosha. Nimemsamehe."

Binti alilia. Alimshika baba yake mkubwa mkono, akamshukuru kwa moyo wake mkubwa, akaingia kwenye gari na kuondoka polepole, kishikio cha hita kikiwa kwenye baridi.

Fundi Shoto alilisindikiza gari kwa macho mpaka likakata kona. Alivuta geti, akalifunga kwa waya wake. Ndipo alipotoa mfukoni kile kipande cha waya kilichotoka chini ya dashibodi, akakiweka sambamba na waya wa geti: mizunguko mitatu na mizunguko mitatu, ncha zimekunjwa ndani, yote imesokotwa kwenda kushoto.