Kidole Gumba cha Shekue

Mashavu alirudi kutoka kiwanda cha mikate saa tisa alasiri, akaketi mkekani kando ya mumewe bila hata kuvua kilemba. Unga ulikuwa bado kwenye kope zake.

"Leo si upumzike," Shekue alimwambia.

"Raundi moja tu, bwana. Daktari kasema kila siku."

Tangu kiharusi kimpige Shekue, gemu hili la mapigano ndilo lililokuwa zoezi la mkono wake wa kulia. Kwenye televisheni, wapiganaji wao walisimama juu ya vibaraza vinavyoelea angani. Ukibana kitufe, mpiganaji hukusanya mwanga viganjani, na kadiri unavyokishikilia ndivyo mwanga unavyokua. Ukiachia, unaruka kama kombora. Lakini kidole gumba cha Shekue hakikuweza kushikilia. Kila siku kombora lake lilitoka dogo kama punje ya mtama, na kila siku mpiganaji wa Mashavu alijiangusha.

"Usinionee huruma," Shekue alisema, akabana. "Ruka."

Mpiganaji wa mkewe hakuruka. Mwanga wa Shekue ukawa kama ndimu, ukawa kama chungwa, ukakua hadi ukafunika nusu ya kioo. Shekue akageuka amwonyeshe.

Mashavu alikuwa amelala, kichwa ukutani, mdomo wazi kidogo.

Kombora kubwa namna ile lilikuwa na kishindo; akiachia, lingemwamsha. Kidole kilianza kutetemeka, kisha mkono mzima hadi begani. Shekue aliuma meno, akazidi kubana, na ule mwanga ukawa unacheza kwenye unga wa kope za mkewe.