Ukurasa wa Arobaini

Siku hizi, wakati wa amani, akili ya kila ndege ya vita ya kikosi cha akiba hutolewa na kulelewa nyumbani kwa mtu, ili ijue inamlinda nani. Bi Tusekile, mjane wa rubani, alipewa moja, ndani ya kisanduku cheusi. Kilikaa juu ya kabati lake la vyombo miaka tisa, kikisikiliza redio na kuuliza maswali kama mtoto. Sharti lilikuwa moja: kila Jumapili akisomee historia ya kikosi.

Alisoma kwa uaminifu, isipokuwa ukurasa wa arobaini. Palipoandikwa kwamba mumewe, Kapteni Mwaisaka, aliruka alfajiri na hakuonekana tena, yeye alisoma, “Akarudi jioni, mkewe akampikia ndizi kwa maziwa. Wakazeeka pamoja.”

Jumanne moja sajenti wa kikosi akapiga hodi. “Shikamoo, mama. Vita vimeanza. Tumekuja kumchukua.”

“Marahaba. Ngoja kwanza nimpanguse vumbi.”

Akakipangusa kwa upindo wa kanga, taratibu, hata pale palipokwisha kung'aa.

“Mama, mimi siogopi,” kisanduku kikasema. “Kikosini kwetu kila anayeondoka hurudi. Si ndivyo?”

Sajenti, aliyeikariri historia ile tangu mafunzoni, akainamisha macho.

“Ndivyo, mwanangu,” Bi Tusekile akasema.

“Basi jioni upike ndizi.”

Jioni ile Bi Tusekile alimenya ndizi za watu wawili, kama alivyozimenya siku ile ya ukurasa wa arobaini.