Nzi Mwenye Mabawa Mazima

Kwa miaka mitatu Mwanakheri alikuwa maabarani akihesabu nzi wa matunda waliozaliwa na mabawa yaliyomegeka ukingoni. Jeni iliyowaharibu ndiyo iliyokuwa ikimla ini binti yake Sauda, mpaka macho yakawa ya manjano. Alimtafuta nzi mmoja tu ambaye jeni nyingine ilimponya bawa, kwani jeni hiyo ingeweza kuonyesha njia ya kumtibu Sauda.

Asubuhi hiyo alimwona chini ya hadubini, amelazwa kwa dawa, mabawa mazima kabisa.

"Kaka Tindwa, hebu njoo utazame," alimwita mwenzake.

Tindwa aliinama, akakawia kuinuka.

"Dada, nzi wetu wote wana macho meupe. Huyu ana mekundu. Ni wa mtaani, kaingia tu."

Mwanakheri hakuwa ameyatazama macho. Siku hizi macho aliyakwepa, hata nyumbani. Aligeukia mkoba wake. Ndizi mbivu aliyofungiwa na Sauda ilikuwa imepasuka ganda, na vinzi viwili vya macho mekundu vikiizunguka.

Tindwa alimsogezea chupa ya spiriti wanamotupia nzi wasiofaa. Hakuipokea. Alimenya ndizi, akaila polepole, huku nzi yule akizinduka na kuyakunjua mabawa yake.