Tanuru Halina Macho

Dada yake alikuwa nje, mzima wa afya, na bado alikipiga ngumi kioo cha chumba cha mitambo kama mtu anayeunguliwa na nyumba.

Fundi aliuona mdomo wake ukifunguka na kufumbika. Neno halikupenya hata moja. Feni za tanuru zilikuwa zinanguruma.

"Ameshaanza," msimamizi akacheka. "Dada yako na hii mashine, paka na panya."

Fundi akaona haya. Ilikuwa siku ya kwanza ya tanuru jipya la kukaushia mbao, na wiki nzima dada, aliyefagia humo na mwanawe mgongoni, hakumpa pumzi. "Mdogo wangu, kitu kisicho na macho kitajuaje nani yumo ndani?"

"Halihitaji macho, dada. Kizingiti kinahesabu miguu, inayoingia na inayotoka. Kukiwa na shaka, moto hauwaki."

Wala si yeye aliyepanga namna ya kuliendesha. Aliiandikia kompyuta mambo mawili tu: moto usiwake mtu akiwamo, mlango usikae wazi bure. Kompyuta ikaitafuta njia yenyewe, ikapima kila hali, ikajibu kwamba haitakosea hata mara moja.

Na kweli, kwenye skrini: ameingia mmoja, ametoka mmoja. Ndani, sifuri. Dada alipotoka kwenda kumwaga vumbi la mbao kule nyuma, mlango ulijifunga wenyewe, moto ukawaka. Sasa joto lilikuwa nyuzi themanini.

"Labda kasahau ufagio," msimamizi alisema. "Ukizima sasa hivi mbao zote zitapasuka, na bosi atatupasua sisi."

Kidole cha fundi kilikuwa juu ya kitufe chekundu. Akakiondoa. Akamwashiria dada kwa mkono: tulia, hamna mtu, uko salama. Akamtabasamia hata, maana alimwonea huruma. Tangu utotoni dada huyu ndiye aliyekuwa akiogopa kwa niaba ya nyumba nzima.

Dada akamtazama. Jamani, jicho lile!

Kisha akageuka kuukimbilia mlango wa tanuru, na fundi akauona mgongo wake. Mbeleko ilikuwa inaning'inia, tupu.